Mama Ambaye Hakutoka Kusindikiza

Ndugu zangu, leo twende mbali kidogo, hadi Marekani, enzi ambazo bibi zetu walikuwa bado wasichana. Huko alikuwepo dada mmoja mwandishi wa michezo ya kuigiza. Wakati ule mwanamke kuandika mchezo hadi uigizwe mbele za watu haikuwa kazi ndogo. Wanaume wenye kumbi walimcheka, wakamwambia akapike. Yeye akaandika tu, mpaka ukumbi mmoja ukamkubali.

Sasa, mchezo wenyewe ulimhusu mama yake mzazi. Siku dada huyu alipoondoka kwao kwenda mjini kutafuta maisha, majirani wote walimsindikiza hadi stesheni. Mama hakutoka. Alijifungia jikoni, hata kwaheri hakusema. Binti akapanda treni na kinyongo moyoni, na kwa miaka kumi na miwili hakumwandikia mama yake hata barua moja. Mnaona maajabu hayo? Anawaandikia mamia ya watu asiowajua, mama yake hamwandikii!

Basi, zimebaki wiki mbili watu waje kutazama. Kwenye mazoezi, mwigizaji wa sehemu ya mama, mtu mzima aliyeizoea kazi yake, akagoma.

"Dada, hapa mwanangu anaondoka, mimi nimejifungia jikoni. Nafanya nini humo?"

"Hufanyi kitu. Una roho mbaya, basi."

"Roho mbaya siwezi kuiigiza. Mikono yangu iko wapi? Nimeshika nini? Niambie ninachofanya, nami nitakifanya."

Miaka yote ile, kumbe mwandishi mwenyewe hajui! Kesho yake akapanda treni kurudi kwao. Akamkuta mama amekonda, nywele zote nyeupe.

"Mama, siku ile ulikuwa unafanya nini humu jikoni?"

Mama akatazama chini. "Nilikuwa nakuokea mkate, mwanangu, ule njiani. Kuni zilikuwa mbichi, mkate ukakataa kuiva. Nikasikia treni inapiga honi. Niliona aibu kutoka mikono mitupu."

Ndugu zangu, mimi nikifika hapa machozi hunilengalenga. Mkate tu, jamani!

Sisi hatuandiki michezo, lakini nani hapa hana mtu aliyempa sehemu ya roho mbaya? Shemeji ambaye hakuja msibani. Baba ambaye hakuja harusini. Tumeshawatungia sababu zao, tukawahukumu kwa sababu hizo hizo tulizotunga wenyewe, na kuuliza hatujauliza. Tulijuaje? Tulikuwa nao humo ndani?

Yule dada Mungu alimhurumia, akamkuta mama yake yu hai. Na wewe uliyekaa hapo ukiniangalia, huyo wako ana umri gani sasa?