Kwa Nini Kidevu cha Mchezaji Hubaki Nje ya Kinyago

Nimetembea nchi nyingi, na karibu kila nchi nimesinzia ndani ya jumba lake la maigizo. Japani nilisinzia kwa heshima zaidi, nimekaa wima, mikono magotini, mpaka mzee aliyekuwa kando yangu akanigusa bega na kuniomba nikorome polepole kidogo, maana filimbi ilikuwa inaanza. Mzee huyo alikuwa mchonga vinyago. Ili nisionekane mjinga kabisa, nilimwuliza kwa nini kinyago cha yule mchezaji kilikuwa kidogo kuliko uso wake, kidevu chote kimebaki nje kama tumbo la mtu aliyevaa shati la ujana wake. Alinijibu baada ya mchezo, tukinywa chai. Sogeeni basi niwaeleze, na nikikosea mahali, mjue nilikuwa bado nina usingizi.

Ulikuwapo wakati ambapo vinyago vya mchezo huo, wenyewe wanauita Noo, vilifunika uso mzima hadi kooni, na kila kimoja kilikuwa na sura moja tu. Cha kulia kililia. Cha kucheka kilicheka, hata kama kwenye hadithi mtu ametumbukia kisimani. Mchezaji akitaka kutoka kwenye huzuni aingie kwenye furaha, ilimbidi arudi nyuma ya pazia abadilishe kinyago. Huku nyuma watazamaji walifungua matonge yao ya wali na kuanza kusengenyana, na aliporudi akicheka hapakuwa na aliyekumbuka mwanzoni alikuwa akilia nini.

Siku hizo, katika kijiji cha milimani kilichoitwa Kuromine, aliishi mchongaji Yasaburo na mkewe Otane. Binti yao wa pekee, Sayo, alikuwa amefuatana na mahujaji kwenda hekalu la mbali. Mvua zikanyesha, mto ukafurika, madaraja yakachukuliwa na maji, na hakuna habari yoyote iliyorudi. Ikapita miaka saba. Kila wakati wa chakula Otane aliweka bakuli la tatu, tupu, safi, na kila mara Yasaburo alitazama kando.

Kila sikukuu ya majira ya kuchipua kijiji kilicheza hadithi moja mbele ya hekalu lao. Mama anamngoja binti yake kwenye kivuko, analia, kisha binti anarudi na mama anacheka. Mwaka huo, walipofungua sanduku la vinyago, walikuta mchwa wamemla mama anayelia na mama anayecheka, wote wawili. Yasaburo akaambiwa achonge wapya. Mchezaji mwenyewe, Matashiro, mtu wa uso mpana kama ungo, alikuwa safarini, hivyo hakukuwa na wa kumpima. Yasaburo akajipima mwenyewe. Nami nataka mjue kwamba Yasaburo alikuwa na uso mwembamba kama wa mbuzi.

Kinyago cha kulia kilitoka haraka, kama vile kilikuwa kinamngoja ndani ya gogo. Otane alikikuta mkekani, akakitazama, akakigeuza kifudifudi.

“Baba Sayo,” akasema, “ukimchonga mama analia hivi, umeshamzika mwanangu. Mimi sijamzika.”

Yasaburo alikipasua kwa shoka. Akaanza cha kucheka, lakini mkono ulikataa. Alimwambia mkewe kwamba hakumbuki tena mama wa Sayo anavyocheka, na kwamba akibuni tu atakuwa amesema uongo mbele ya hekalu. Otane akamwambia, bila hasira, kwamba kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kumwona mwendawazimu kwa lile bakuli. Angekwenda kuutazama mchezo. Mama wa jukwaani akilia tu hadi mwisho, angerudi nyumbani aliondoe bakuli, na wasilitaje tena.

Zilikuwa zimebaki siku tatu na kipande kimoja cha mti wa mberoshi. Yasaburo alichonga uso ambao haukulia wala haukucheka. Midomo aliiacha wazi kidogo, kama ya mtu aliyesikia nyayo nje ya mlango na hajajua ni za nani. Hakujua amechonga nini.

Matashiro alifika asubuhi ya sikukuu yenyewe. Alipokivaa kinyago, kilikomea chini ya mdomo, na kidevu chake, ambacho hakikuwa kidogo, kikabaki nje chote. Aliuliza kwa upole kama kinyago ni chake au ni cha paka wake. Ngoma zilikuwa zimeshaanza kulia. Basi Matashiro aliketi mbele ya kioo cha shaba iliyosuguliwa, akakishika kinyago kwa mikono miwili, akakiinamia.

“Niwie radhi, bibi, kwa kidevu hiki,” akakiambia. “Ndicho nilichopewa.”

Alipotokea, watu walicheka kweli. Yeye aliwasikia, lakini hakuwaona, kwa sababu matundu ya macho yaliyopimwa kwa uso mwembamba hayakukaa sawa na macho yake. Alichobakiwa nacho ni upenyo mdogo kama wa ukucha. Aliogopa kuanguka jukwaani, akainamisha kichwa kutafuta ukingo. Kivuli cha paji la uso kikashuka juu ya kinyago, na mama akaanza kulia. Vicheko vikakatika. Matonge ya wali yakabaki mikononi.

Alisimama hivyo kwa muda mrefu, maskini, amepotea. Kisha akakumbuka kwamba kwenye kona ya jukwaa pana nguzo, na kwamba akiiona nguzo atajua yuko wapi. Akainua kichwa polepole, polepole sana, kuitafuta. Jua likamwangukia usoni, midomo ile ikapata mwanga, na mama akatabasamu kwa mtu aliyekuwa akija kutoka mbali. Hakuna aliyerudi nyuma ya pazia. Hakuna kilichobadilishwa.

Mchezo ulipokwisha, Otane alimfuata Matashiro kwenye chumba cha kuvalia, Yasaburo nyuma yake.

“Yule mama, pale mwishoni,” akauliza, “alikuwa analia au anacheka?”

Matashiro alikuwa anafuta jasho kidevuni. “Sijui, mama Sayo. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa natafuta nguzo.”

Otane akacheka. Alicheka hadi akajishika ukuta, machozi yakimtiririka, na Yasaburo pale mlangoni akauona mdomo alioshindwa kuukumbuka kwa miaka saba. Ulikuwa ni uleule wa kwenye kinyago. Walipokaa kula siku hiyo, Otane aliweka bakuli la tatu. Yasaburo hakutazama kando. Alichukua upawa, akalijaza wali.

Na tangu siku hiyo, vinyago vya namna ile huchongwa vidogo, na kidevu cha mchezaji hubaki nje, hata kama ni kizuri namna gani. Midomo huachwa katikati ya kilio na kicheko. Mchezaji huketi kwanza mbele ya kioo akakiinamia kinyago kabla ya kukivaa, na akiwa jukwaani huitafuta ile nguzo ya kona, maana mpaka leo haoni vizuri.

Nilimwuliza mzee kama Sayo alirudi. Aliinamia kikombe chake kwa muda hata nikajuta kuuliza. Halafu akainua kidevu taratibu kuelekea mlangoni, mwanga wa nje ukampata usoni, nami nikageuka haraka kutazama ni nani anayeingia.