Birika la Mama Nakijwa

Mshika birika hanyooshi mkono. Mmeisikia jana kwenye uchaguzi wa kamati ya maktaba, watu wazima wakacheka, nanyi mkabaki mnatazamana. Leo mmeniuliza birika na mkono vina undugu gani. Vizuri, kuuliza si ujinga. Methali hii ilianza hivi, huko Vuriza, milimani Upareni, na aliyefunzwa nayo kwanza alikuwa mtu mwema, tena msomi. Labda ndiyo maana alichelewa kuielewa.

Mtu huyo aliitwa Mwalimu Elirehema Mfinanga, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa bodi ya Jumuiya ya Afya ya Vuriza. Jumuiya hiyo haikuwa ya serikali wala ya biashara. Ilikuwa ya wanakijiji wenyewe, walioungana baada ya kuchoka kuzika. Vitongoji vya juu havikufikika kwa gari, na masika yakikaza, mjamzito aliyeshikwa na uchungu alishushwa kwa machela kwenye utelezi mpaka barabarani. Dada yake Mwalimu alifia kwenye machela hiyo, na Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshika mpini wa mbele.

Kwa hiyo Jumuiya ikaazimia kujenga Nyumba ya Kungojea, pale chini kabisa ya kijiji, gari la wagonjwa linapoweza kufika mwaka mzima. Mjamzito wa vitongoji vya juu ashuke mapema, akae hapo wiki mbili tatu, siku ikifika awe karibu na gari. Nani angekataa jambo kama hilo?

Bodi ilikuwa ya watu tisa, wanaume wanane na mwanamke mmoja. Mwanamke huyo alikuwa Mama Nakijwa, mkunga aliyepokea nusu ya kijiji kwa mikono yake, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, ikitazamana na Nyumba ya Kungojea. Katiba ya Jumuiya ilisema mwanamke asikosekane katika bodi, na kweli hakukosekana. Mwalimu alijivunia hilo. Mgeni akija, alimtambulisha Mama Nakijwa kabla hata ya kumwonyesha jengo.

Sasa sikieni desturi yao, maana kisa chote kimekaa hapo. Wazee wa Vuriza walikuwa na msemo, "Chai ikiingia, maneno yatoke." Wabishane watakavyobishana, birika likiingia mlangoni ubishi umekwisha, kura inaitwa, mikono inanyooshwa, na chai inanywewa ikingali moto. Ni desturi nzuri, imewapatanisha wengi. Na birika lililetwa na Mama Nakijwa. Hakuna aliyemtuma. Aliinuka tu, kama alivyoinuka nyumbani kwake miaka arobaini, na hakuna aliyemwambia keti.

Nyumba ikafunguliwa kabla ya masika. Ilikuwa na vitanda sita, vyandarua vipya, na chumba cha vikao chenye meza ndefu na viti tisa vya mito. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Wa pili hakuja mtu. Mvua ikaanza, machela ikaanza tena kushuka mlimani, ikipita mbele ya mlango ule ule ulio wazi.

Bodi ikachanganyikiwa. Mjumbe mmoja alisema shuka nyeupe zinawakumbusha watu sanda, zikabadilishwa zikawekwa za maua. Mwingine alisema wanawake hawajaelimishwa, ikafanywa mikutano mitatu ya kuwaelimisha. Wanawake walikuja, wakasikiliza, wakashukuru, wakapanda milima yao. Makamu mwenyekiti, Mzee Senkondo, alisema kinachokosekana ni redio. Ikaletwa redio. Ikawa inaviimbia vitanda vitupu.

Kilichomkosesha Mwalimu usingizi kuliko yote kilikuwa cha nyumbani kwake. Binti yake Namsifu, aliyeolewa kitongoji cha juu kabisa, alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi minane. Mwalimu alipanda hadi kwake kwa fimbo, akamkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuchukua. Kitanda chako kiko tayari."

Namsifu aliendelea kuchambua. "Sitaweza kukaa pale, Baba."

"Kwa nini? Kuna nini pale?"

"Muulize Mama Nakijwa."

"Mama Nakijwa yumo kwenye bodi. Kungekuwa na tatizo angelisema."

"Angelisema saa ngapi, Baba?"

Mwalimu akamtazama. Saa ngapi? Bodi hukaa tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, saa zote hizo hazitoshi mtu kusema neno? Alitaka kuuliza zaidi, lakini binti alikuwa amekwisha inuka kumpikia baba yake uji. Akashuka mlima akizungumza peke yake. Alikuwa anaogopa, nanyi mngeogopa. Kila kona ya njia ile alimwona dada yake, kisha akamwona Namsifu.

Kikao kilichofuata kilikuwa na ajenda moja. Mzee Senkondo alipendekeza Nyumba ya Kungojea igeuzwe ghala la mbegu. "Tumewajengea hawaitaki," alisema. "Mbegu angalau hazichagui pa kulala." Wajumbe wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema subirini masika yaishe, subirini walau mwezi mmoja, na hakutaja jina la binti yake ingawa wote walilijua.

Siku hiyo Mama Nakijwa hakuwapo, alikuwa ameitwa kuzalisha. Wajumbe wanane wakabishana mpaka adhuhuri, na kila mmoja akawa anatazama mlangoni. Chai haikuingia, basi na maneno hayakutoka. Walizunguka pale pale mpaka koo zikawakauka. Mwishowe Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwenyeji wa kikao, akasema, "Acheni niende mimi. Kuchemsha maji nako ni kazi?"

Akatoka kutafuta jiko. Alifungua mlango wa kwanza, vitanda. Wa pili, vitanda. Wa tatu, stoo ya shuka. Alizunguka nyuma ya jengo, akakuta ukuta na majani. Akasimama kwenye manyunyu, mwenyekiti wa nyumba ile, asijue maji ya chai huchemshwa wapi. Kumbe miezi yote hiyo chai ilikuwa inavuka njia. Akavuka naye, akaingia jikoni kwa Mama Nakijwa, akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka, na baada ya muda mrefu akarudi, mkono wa kulia birika kubwa linalochoma, wa kushoto sinia la vikombe.

Alipokanyaga kizingiti, Mzee Senkondo alipiga meza. "Chai imeingia, maneno yatoke. Wanaoafiki ghala?"

Mwalimu alifungua kinywa kusema ngojeni. Mjumbe wa karibu akamwuliza sukari iko wapi. Mwingine akachukua kikombe kwenye sinia amiminiwe. Vikombe vilikuwa vinateleza kwenye sinia, birika linamchoma, na huku mikono saba imenyooka juu ya meza.

"Wanaopinga?"

Mwalimu alitazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto. Pa kuweka birika hapakuwapo, meza nzima ilikuwa imejaa viwiko na makaratasi.

"Hakuna," alisema Senkondo. Katibu Kalutu akaandika, akisoma kwa sauti kama kawaida yake, "Wajumbe wote waliafiki."

"Kalutu," Mwalimu alisema, "mimi sijaafiki."

"Lakini hukunyoosha, Mwenyekiti."

"Ningenyooshaje? Huoni nimeshika nini?"

Kalutu aliona. Alikuwa mtu wa haki, ila alifuata kalamu yake. Akabaki anatazama daftari, anatazama birika. Mwalimu naye kichwa kilikuwa kinamzunguka. Alijua kuna jambo amelishika kwa mikono yote miwili, lakini hakulijua jina lake. Akauliza polepole, kama mtu anayepapasa gizani, "Nisomee muhtasari wa siku tuliyopitisha ramani. Jiko lilikwenda wapi?"

Kalutu akafunua kurasa za nyuma. "Ramani ya kwanza ilikuwa na jiko na chumba cha msindikizaji. Ikapendekezwa sehemu hiyo iwe chumba cha vikao. Wajumbe wote tisa waliafiki."

"Wote tisa? Na Mama Nakijwa?"

"Wote," alisema Kalutu. Kisha akakumbuka. Sauti ikamshuka. "Mama Nakijwa alikuwa anamimina chai."

Hapo ndipo Mama Nakijwa alipoingia, khanga imelowa mvua, amechoka. Alikuta wanaume saba wanamkodolea macho mwenyekiti aliyesimama katikati na birika.

"Mtoto wa kike," alisema. "Wote wazima. Mwalimu, mbona umeshika birika langu?"

Mwalimu alimgeukia. "Mama Nakijwa, kwa nini wanawake hawaji hapa?"

"Mimba haiji peke yake. Huja na mama, au na mama mkwe. Huyo mama atalala wapi? Uji ataupika wapi? Mmeketi jikoni kwake." Akaonyesha meza ndefu na viti vya mito.

"Na hukutuambia?"

"Niliwaambia kila mara nilipoweka birika chini. Mkanijibu imekwisha pita, Mama, tuletee sukari."

"Ungenyoosha mkono ukapinga!" alisema Senkondo, na kwa haki ya Mungu hakuwa anamdhihaki, hakuelewa.

Mama Nakijwa alimtazama Senkondo, akamtazama Mwalimu, mikono imejaa, macho mekundu kwa moshi, na akacheka kidogo. "Mshika birika hanyooshi mkono, baba. Muulize mwenzio."

Hakuna aliyecheka pamoja naye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale wazee walikuwa wamejenga vitanda sita wasivyovilalia. Mwalimu alipiga magoti akaweka birika sakafuni, kwa kuwa mezani bado hapakuwa na nafasi. Kisha akanyoosha mkono wake, umetiwa wekundu na joto. "Kura ya ghala irudiwe," alisema. "Watu wote mikono mitupu." Ghala likaanguka. Senkondo mwenyewe alikuwa wa pili kunyoosha kulipinga, akinung'unika kwamba watoto wake saba walizaliwa nyumbani na hakuwahi kujiuliza uji ule ulipikwa na nani.

Mwalimu alitaka papo hapo kupitisha sheria kwamba Mama Nakijwa asishike tena birika. Mama Nakijwa akakataa. "Nikiketi mimi mtatafuta mwingine. Nipeni wenzangu. Tukiwa wanne, mmoja akimimina, watatu wanabaki."

Hesabu hiyo ilimkalia Mwalimu kichwani usiku kucha, yeye aliyefundisha hesabu miaka thelathini. Mtu mmoja kati ya tisa, kumbe akishika birika tu anakuwa hayupo.

Meza ndefu ikatolewa, mafiga matatu yakajengwa mahali pake na chumba kikagawanywa. Wanawake watatu wakaingia kwenye bodi. Kikao cha kwanza kilikaliwa nje, barazani, na wakati wa chai ulipofika, msiamini, wanawake wote wanne waliinuka kwa pamoja. Hata Mama Nakijwa. Miguu ina mazoea yake. Wanaume wakabaki peke yao wakitazamana.

Mwalimu ndiye aliyeinuka. "Ketini," alisema, "leo ninajua jiko liko wapi."

Akaingia ndani. Jikoni alimkuta mkewe anakoroga uji wa ulezi, na nyuma ya ukuta, kwenye kitanda cha tatu, Namsifu amelala akiwa na siku nne tu za kungoja. Mwalimu akajifuta macho, akasema ni moshi, na mkewe akamwachia aseme hivyo.

Alipotoka na birika, mjumbe mmoja mwenye haraka alisema, "Chai imeingia, tupige kura." Kalutu alikuwa amekwisha shika kalamu. Akamtazama mwenyekiti wake, mikono yake miwili, akaiweka kalamu juu ya daftari.

"Tungoje," alisema Kalutu. "Mwenyekiti hajaweka birika chini."

Wakangoja wote, chai ikapoa kidogo. Ndiyo maana jana kwenye kamati ya maktaba, yule dada alipoambiwa "tunahesabu kura, wewe tugawie soda," alibaki kitini akasema alichosema. Mshika birika hanyooshi mkono.