Muuguzi Aliyeulizia Njia ya Uwandani

Ndugu zangu, wekeni vitabu magotini kidogo. Nina mtu wa kuwaonyesha.

Ni muuguzi wa zahanati moja kule kaskazini, katika mji ambako lami huishia na baada ya hapo kila mtu hujitafutia. Asubuhi hiyo alikuwa garini na sanduku la baridi miguuni, ndani yake chanjo ya surua na vipande vya barafu. Surua ilikuwa imeingia kijiji kimoja ng'ambo ya uwanda wa chumvi. Waliokwisha kuugua walikuwa wameugua. Chanjo ilikuwa ya watoto ambao homa ilikuwa bado haijawagusa. Barafu ikiyeyuka kabla ya kufika, chanjo imeharibika, na hata ukiirudisha kwenye friji haiponi tena.

Uwanda ule una hila. Juu ni mkavu na mweupe, umepasuka kama uji uliokaukia sufuriani. Chini yake kuna tope. Na mvua inayoulowesha hainyeshi hapo. Hunyesha milimani, mbali, nawe unaamka bila kuona hata tone, kumbe maji yamepenya chini ya lile ganda. Uwanda ukiwa mkavu, unauvuka na kufika jua likingali juu. Ukiwa umelowa, kuna njia nyingine ya mawe, inayozunguka, inayokula magurudumu na kukulaza njiani.

Kwa hiyo muuguzi aliuliza. Alipiga simu kijijini, mtandao ukawa hakuna. Alimuuliza dereva wa lori la mbuzi, akaambiwa ni kuzuri. Akamuuliza, "Ulipita lini?" Yule akajibu, "Kabla ya mawingu haya ya milimani." Muuguzi akamshukuru, na habari ile hakuihesabu. Walipofika ukingoni mwa uwanda alishuka, akalikanyaga ganda kwa kisigino, kisha akainama kuangalia nyayo za ngamia zimezama kiasi gani.

Dereva wake alikuwa akimtazama, kiwiko dirishani.

"Sista, unaikagua njia utadhani unataka kuinunua."

"Ningekuwa nainunua, ningekagua kidogo tu. Hii nataka kuipita."

"Na barafu inatucheka."

"Iache icheke. Tunamngoja anayetoka upande ule."

Kule wana desturi moja. Magari mawili yakikutana, madereva huzima injini, hushuka, hupeana mikono, na kila mmoja humweleza mwenzake aliyoyaacha nyuma, maana aliyoyaacha yeye ndiyo mwenzake anayoyaendea. Hata mwenye haraka husimama. Hakuna kibao wala ofisi ya kuuliza. Habari ya njia iko kinywani mwa anayetoka huko.

Pikapu ikatokea. Mwenyewe alikuwa muuza duka wa kijiji kilekile, anakwenda mjini kuchukua sukari. Akazima injini, akashuka, akatoa mkono. Alipoliona lile sanduku, uso wake ukafunguka. Akawaambia ana binti mdogo nyumbani, bado mzima.

"Hiyo ni chanjo?"

"Ni chanjo. Tueleze njia, mzee."

Mzee akalitazama sanduku. Akautazama uwanda. "Njia ni nzuri. Piteni tu."

"Milimani kulinyesha."

"Maji hayajafika huku."

"Na hilo tope la mlangoni mwa pikapu yako?"

"La kisimani kwetu. Mbuzi wamevuruga kila mahali."

Muuguzi akafungua kinywa aulize tena, dereva akamkatiza. "Sista, sasa unataka tumwapishe? Mtu ametoka huko, na mtoto wake yuko huko."

Na kweli, ni nani angekuwa na sababu ya kusema ukweli kuliko mzee yule? Wakaingia.

Katikati ya uwanda ganda likavunjika, gari likakaa kwa tumbo. Walichimba kwa sufuria, kwa vifuniko vya magurudumu, mwisho kwa mikono. Jua la chumvi huchoma kutoka juu na kutoka chini. Jioni muuguzi alifungua sanduku, akatia mkono, akakuta maji, nayo yalikuwa vuguvugu. Akalifunga. Kulipokucha wakaanza kutembea.

Muuza duka aliporudi kutoka mjini alimkuta muuguzi amekaa nje ya duka lake, nyayo zimejaa malengelenge.

"Gari liko wapi, sista?"

"Uwandani. Wewe umerudi kwa njia gani?"

Mzee akashusha gunia la sukari polepole. "Nimezunguka kwa mawe."

"Kwa nini?"

"Siku ile tuliyokutana nilikuwa nimekwama usiku kucha. Wachunga ngamia ndio walionitoa."

"Nami nilikuuliza."

"Sista, wangapi wamefika pale ukingoni na dawa zetu, wakasikia neno tope, wakageuza gari? Binti yangu yumo humu ndani. Niliogopa utarudi."

Muuguzi alimtazama. "Kwenye njia ya mawe kuna misheni yenye friji. Ningelala pale, ningebadilisha barafu, na jana ningekuwa hapa na chanjo nzima. Mzee wangu, sikuuliza ili nirudi. Niliuliza ili nijue nipite wapi."

Chanjo nyingine ililetwa baadaye. Wapo watoto ambao haikuwakuta.

Sasa, najua wengi wenu mlikuwa mmekwisha kulishika somo. Mlisema moyoni, anataka kutufundisha kuuliza kabla ya kusafiri. Hapana. Muuguzi aliuliza, akauliza vizuri, akaliona hata tope lenyewe. Somo ni la aliyeulizwa.

Na aliyeulizwa ni nani, kama si sisi? Mjane wa juzi anamuuliza mjane wa miaka mingi, "Usiku unakuwaje?" Tunamjibu, "Utazoea." Kijana aliyeokoka mwezi uliopita anauliza, "Na ukiomba, ukaomba, ukaona kimya?" Tunamwambia, "Mungu ni mwema," tunampigapiga begani. Je, tumesema uongo? Mungu ni mwema kweli. Lakini tulikwama pale usiku kucha, na hatukumwambia.

Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Mzee yule alimpenda binti yake. Nasi tunawapenda hawa, na tunaogopa kwamba wakisikia neno tope watageuza. Basi tunawaficha. Kisha wao wanakwama, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: anayekwama mahali alipoambiwa ni kuzuri hailaumu njia. Anajilaumu mwenyewe. Anakaa pale akidhani sisi wengine wote tulivuka wakavu, na kwamba ni yeye peke yake Mungu aliyemchoka.

Bwana wetu hakuwafanyia hivyo wanafunzi wake. Aliwatajia msalaba mapema, waziwazi, wangali na nafasi ya kuondoka. Wapo walioondoka. Waliobaki walijua wanakwenda wapi. Sisi ni nani hata tuipambe njia yake kuliko alivyoieleza mwenyewe?

Leo mmesikia tangazo la ndoa ya vijana wetu wawili. Wamekaa pale, upande wa dirisha. Baada ya ibada mtawapa mikono na kuwaambia hongera, na mtafanya vizuri. Lakini, wazee wangu, mama zangu, mnisamehe mimi mdogo wenu: nimewatuma kwenu. Wiki hii watabisha hodi nyumbani na watawauliza. Msiwatolee kicheko na chai peke yake. Waambieni habari za ule mwaka ambao hamkusemezana. Waambieni mlikwama wapi, na nani aliwatoa. Kisha waacheni waende.