Dada Aliyesema Besi Imezidi

Wapendwa, asubuhi ya leo nina mfano mmoja, na ni wa kutunga. Msitoke hapa mkaanza kumtafuta dada huyu mtaani.

Alikuwa dada mwenye masikio ya kuaminika. Watu wasio na fedha nyingi, wale ambao wakinunua kitu kibovu hawana cha kununulia kingine, walimuuliza kabla ya kwenda dukani. Dada, redio hii vipi? Spika hii je? Zaidi ya yote walimuuliza kuhusu hedifoni, zile ndogo za kuchomeka masikioni, kwa sababu za bei rahisi ni nyingi na nyingi zinafia mfukoni. Dada alizichomeka kwenye simu yake, akafumba macho, akasikiliza wimbo uleule na mahubiri yaleyale, kisha akawaandikia watu alichosikia. Hakupokea zawadi ya mwenye duka. Fundi akimletea soda, aliinywa baada ya kutoa hukumu yake, si kabla. Nawaambia haya mapema ili msimkasirikie tutakapofika mbele. Alikuwa mtu mwema.

Alikuwa na neno moja ambalo halikukauka mdomoni mwake: "Besi imezidi." Yaani ule mngurumo wa chini, ule unaotikisa kifua ukisimama karibu na spika harusini, umekuwa mwingi hadi umefunika sauti ya mwimbaji. Alilisema sana, mpaka marafiki wakamfanyia utani. Akionja mchuzi tu, wanamuuliza, "Vipi, besi imezidi?" Naye anacheka nao.

Katika mji huohuo kulikuwa na seremala. Zamani alitengeneza viti, lakini viti vya plastiki vilipojaa madukani, wateja wake wakahama. Ndipo alipoanza kuchonga maganda ya hedifoni kwa vipande vya mninga vilivyobaki. Nasema mninga, si mbao yoyote, kwa sababu mbao laini ukiikwangua hadi iwe nyembamba kama kucha, inapasuka. Spika za ndani, ndogo kama kifungo cha shati, alizinunua sokoni. Mengine yote yalitoka mikononi mwake, na bei yake mwanafunzi aliimudu.

Basi ikatokea shule moja ya wanafunzi wasioona ikahitaji hedifoni. Wanafunzi wale walipata masomo mengi kwa kuyasikiliza, kwenye redio ndogo zenye memori kadi. Fikirieni bweni zima, kila mtu amefungua redio yake, huyu historia, yule baiolojia. Mwalimu mkuu, ambaye naye haoni, alizipapasa hedifoni za fundi kwa muda mrefu, akamwambia: "Kazi ya mikono nimeipenda. Lakini masikio yangu yamezeeka. Mpelekee yule dada. Akisema ndiyo, tunachukua zako."

Kwa fundi, neno la dada lilikuwa ndilo njia panda yake. Kaka yake alikuwa amemtafutia nafasi ya kufyatua matofali na alikuwa akimsubiri ajibu. Shule ikikubali, atabaki na patasi zake. Ikikataa, atazitia kwenye gunia na kwenda kukanyaga udongo.

Akaenda. Dada akampokea vizuri, akakaa naye kibarazani, akazigeuza zile hedifoni kwenye mwanga. Alizikagua kwa haki. Akapitisha ukucha kwenye maungio ya ganda, ukateleza bila kukwama. Akauvuta waya, haukucheza, kwa sababu fundi alikuwa ameufunga fundo kwa ndani ili ukivutwa usikatike. Akakuta kwenye hedifoni ya kulia kinundu kidogo kilichochongwa.

"Hiki cha nini, fundi?"

"Wale hawaoni, dada. Kidole kikigusa hapo, kinajua huu ni upande wa kulia."

Dada akakipapasa kile kinundu. "Hapo umenigusa," akasema. "Ufundi huu sijauona dukani."

Kisha akazichomeka kwenye simu yake, akafumba macho. Fundi akamtazama usoni kama mtu anayesubiri majibu hospitalini. Dada alipofumbua macho, fundi alijua kabla hajasikia.

"Besi imezidi, fundi. Sauti ya mtu inatoka kama amefunikwa blanketi. Mtoto atasikilizaje somo hivyo?"

"Dada, mimi nimezisikiliza zote, moja moja. Nimezisikia safi."

"Wewe ni mzazi wao," dada akamwambia, na alisema kwa upole, "na mzazi akimsikia mwanawe anaimba, hasikii pale anapokosea. Punguza besi, uniletee tena. Sitaki wakukatae."

Ungekuwa wewe ndiye fundi, ungefanyaje? Masikio yako yanakuambia kitu kimoja, na mtu anayeaminiwa na mji mzima anakuambia kingine. Na kumbukeni, matofali yanakusubiri. Fundi alirudi kibandani kwake, akachukua kekee yenye ncha ya sindano, akatoboa tundu dogo katika kila ganda ili mngurumo upate pa kutokea. Alipozisikiliza kwenye redio yake hazikumpendeza. Sauti aliisikia nyembamba, yenye makali. Lakini akajiambia, "Masikio yangu ndiyo mabovu." Akazirudisha kwa dada.

Dada akafumba macho, akasikiliza, akatabasamu. "Sasa hapo! Hapo umefika!" Akampigia mwalimu mkuu papo hapo. Fundi akampelekea kaka yake ujumbe kwamba matofali hataki. Kila mtu akafurahi.

Haukupita muda mrefu, mwalimu mkuu akawaita wote wawili ofisini.

"Nawashukuru kwa kuja," akasema. "Hedifoni ni imara, hakuna hata moja iliyokatika. Tatizo ni sauti. Wanafunzi wanasema inachoma. Mmoja ameniambia mwalimu wa historia amegeuka mbu. Wengi wamezivua, bweni limerudia kelele zake. Mnanielewa? Siwezi kuendelea nazo."

Fundi akageukia dirishani. "Labda mikono yangu ni ya matofali kweli," akasema.

"Haiwezekani," dada akasema. "Hizi nimezisikiliza mwenyewe." Akachukua jozi moja, akaichomeka kwenye simu yake. Nzuri. Akaichomeka kwenye redio ya shule. Mbu. Kwenye simu, nzuri. Kwenye redio, mbu.

"Dada yangu," mwalimu akamuuliza, "mbona unachomeka na kuchomoa kama mtu anayekamua ng'ombe?"

Dada aliinamia simu. Alikuwa amefungua mipangilio ya simu yake, mahali pa kupangia sauti, na pale aliona mstari wa besi umepandishwa hadi juu kabisa. Ndipo akakumbuka. Hedifoni zake mwenyewe, zile alizozipenda kuliko zote, ziliwahi kuanguka kwenye maji. Alipozikausha zikawa hazina tena mngurumo, sauti imekonda. Hakuwa na uwezo wa kununua nyingine, basi akaipandishia simu besi ili kufidia upungufu ule. Ikasaidia. Akaridhika, akasahau. Na tangu siku ile, kila hedifoni aliyoijaribu kwenye simu ile alikuwa akiiongezea mngurumo ambao haukuwa wake, kisha anamlaumu aliyeitengeneza.

Sasa nataka mwione ofisi ile. Mwalimu haoni. Fundi ametazama nje. Hakuna anayekiona kioo cha simu isipokuwa dada peke yake. Kidole kimoja tu, autelezeshe mstari ule ushuke chini, na hakuna atakayejua kamwe. Fundi ataenda kwenye matofali akiamini ni masikio yake. Watu watazidi kumuuliza, dada, hii vipi? Je, ninyi mnadhani kidole hakikuenda? Kilienda. Kilifika juu ya mstari, kikasimama pale.

Halafu akasema, "Mwalimu, kosa si la fundi. Fundi, zile za kwanza zilikuwa safi. Simu yangu ndiyo iliyopinda, na mimi ndiye niliyeipinda."

Akawaeleza yote. Mwalimu akacheka kidogo, kicheko cha huruma. "Basi leo besi imezidi kwako mwenyewe," akasema. "Fundi, unaweza kuyaziba matundu hayo?"

"Naweza," fundi akasema. "Lakini alama itabaki."

Dada akaomba aende kusaidia. Wakakaa kibandani kwa fundi, yeye akichanganya unga wa mninga na gundi, fundi akiziba tundu moja baada ya jingine na kulipiga msasa. Kwa macho hukuona kitu. Lakini mikono inayosoma nukta za maandishi huwezi kuidanganya. Wanafunzi wangeigusa alama ile kila siku. Dada alijua hivyo, na kila ganda alilolishika lilimkumbusha.

Wakaendelea na kazi. Fundi hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za nyumbani, bila kuinua kichwa kwenye msasa wake:

"Na wale wengine, dada?"

"Wengine gani?"

"Wale uliowaambia besi imezidi kabla yangu."

Dada alikuwa ameshika ganda mkononi. Akaliweka chini. Alijaribu kuwakumbuka. Kulikuwa na kijana wa stendi aliyekuwa akiunganisha hedifoni zake kwa nyaya za simu mbovu. Kulikuwa na mama aliyezishonea vifuko vya kitenge, kushona kwa mkono, mshono mdogo mdogo. Wengine hakuwakumbuka hata sura. Walikuja, wakasikia neno lile moja, wakaondoka. Wako wapi? Nani anafyatua matofali leo kwa sababu ya mstari mmoja kwenye simu ya mtu mwema?

Wapendwa, sisi tunapenda kuulizana kama tunahukumu kwa haki. Dada huyu alihukumu kwa haki. Alikagua maungio, alivuta waya, alikataa zawadi. Mbele ya mtu yeyote angeweza kuapa kwamba alisema alichokisikia, na asingekuwa muongo. Hapo ndipo ninapoogopa, nawaambia ukweli. Mtu anayejua kwamba ana upendeleo unaweza kumwonya. Lakini sisi tunaosikiliza kwa makini, tunaopima, tunaojiamini kwa sababu hatujahongwa, nani atatufungulia mipangilio yetu?

Kila mmoja wetu amewahi kuangusha kitu kwenye maji. Mume alikudanganya, ukapandisha shaka ili usidanganywe tena. Uliishi na baba ambaye hakusifia kitu, ukapandisha masikio ya kutafuta kasoro ili umtangulie kuiona. Uliyempokea nyumbani alikuibia. Ulichofanya siku ile hakikuwa dhambi. Ulikuwa unafidia upungufu, ulikuwa unataka tu kusikia vizuri tena. Mungu anayajua maji yale yaliyokukuta. Lakini siku zimepita, aliyekuumiza hayupo, na mstari bado uko juu. Sasa mkwe wako anakusalimia asubuhi, salamu safi kabisa, na wewe unasikia dharau. Mwanao anakuuliza swali la kawaida, unasikia ukaidi. Mgeni anakuja kukaa kwenye benchi hili, anaimba kwa sauti yake aliyopewa na Mungu, nasi tunageuka kumtazama.

Na mbaya zaidi, wengine wanatuamini. Wanakwenda kujitoboa ili watupendeze. Binti aliyekuwa akicheka nyumba nzima ikasikia, siku hizi anacheka akiwa ameziba mdomo, nasi tunasema, sasa hapo, hapo umefika. Tunatabasamu. Tunamsifu kwa tundu tulilomtoboa.

Kwa hiyo leo sitawaomba mwache kusikiliza kwa makini. Dunia inawahitaji watu wenye masikio. Nawaomba mfanye alichofanya dada yule ofisini: chomekeni kwingine. Kabla hujasema sauti ya mtu huyu ni mbaya, muulize mwingine anayemsikia, asiyeumizwa pale ulipoumizwa wewe, yeye anasikia nini. Ukikuta mstari wako uko juu, usiushushe kimyakimya ukaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Sema. Sema wakati hakuna anayekiona kioo.

Tukiisha kusema, lile swali la fundi bado linatusubiri, na mimi sina jibu lake la kuwapa hapa mbele. Dada yule aliinuka kwenye kigoda, akajifuta unga wa mninga, akaenda stendi kumtafuta kijana wa nyaya. Kama alimpata au hakumpata, mfano wangu hausemi. Nanyi mtakapotoka kupitia mlango ule, kuna mtu mtapishana naye ambaye mlimwambia neno moja zamani, akaondoka. Msimpite.