Aliyelala Chali Kwenye Mahindi

"Mwalimu asiyeangushwa hajafundisha." Mmelisikia neno hilo leo ukumbini, mkataka kujua limetoka wapi. Chanzo chake ninakijua, nami nitawaeleza kama nilivyoelezwa na wawili waliokuwapo.

Mwaka ambao Sekela Mwaijande alikwenda China kusomea uhandisi wa maji, ukumbi wake wa kungfu hapa Mbeya ulikuwa umejaa vijana. Mchezo huo alifundishwa na Mzee Ambindwile, fundi wa reli, ambaye naye alifundishwa na msimamizi wake Mchina wakati reli ikijengwa. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Watu walipomtania Sekela kwamba anafundisha vituko vya sinema, hakuwa na wa kumuuliza. Akaamua: huko China atatafuta shule ya asili, ya kweli, ajipime. Akikuta alichorithi ni uongo, atarudi kuufunga ukumbi na kuwaomba radhi wazazi.

Alifuatana na mwanafunzi mwenzake, Nestori Haule wa Songea, mtu wa maneno mengi. Shule ya kwanza ilikuwa mjini, na juu ya lango lake palikuwa na kibao kikubwa kilichosema ni ya kale kuliko zote. Mwalimu alivaa hariri nyeupe. Alinyoosha kiganja, na wanafunzi wakaanguka kabla hakijawafikia.

"Dada, tumemkuta mwenyewe!" alinong'ona Nestori. "Huyu akikohoa tu, mtaa mzima unalala chini."

"Ngoja akohoe kwangu," alijibu Sekela.

Aliomba kujaribiwa. Kiganja kilinyooshwa, naye akabaki amesimama. Mwalimu akasema mgeni hana hisia ya nguvu ile, akaenda kusalimia wageni wengine.

Shule nyingine walizozuru zilitofautiana mavazi, si tabia. Hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumgusa mwalimu wake kwa nguvu. Hatimaye mwenzao wa darasani aliwaelekeza kijijini kwao, kwa mzee aitwaye Geng. Nyumba yake haikuwa na kibao. Uani mahindi yalikuwa yameanikwa, na wanafunzi walifanyia mazoezi kwenye nafasi iliyobaki.

Geng, mzee mwenye mvi, alikuwa ameshikana mikono na mwanafunzi wake Fang, seremala, wakisukumana taratibu, kila mmoja akitafuta mwenzake amelegea wapi. Ghafla Fang alisogeza mguu, akazungusha kiuno, na mwalimu akalala chali juu ya mahindi.

"Yamekwisha," alisema Nestori kwa Kiswahili. "Mzee wa watu kabwagwa kama gunia, na sisi wageni tumekodoa macho. Twende, dada, tusimzidishie aibu."

Sekela hakusogea. Geng aliinuka akicheka, akasema, "Tena!" Akaangushwa tena. Kisha akawaita wanafunzi wote, mmoja mmoja, waweke mkono kiunoni kwa Fang wahisi mwendo ule unaanzia wapi. Walipomaliza, alimimina chai, akampa Fang kikombe kwa mikono miwili.

"Anamwomba msamaha?" aliuliza Nestori.

Sekela naye alishangaa. Alijua kwamba huko mwanafunzi ndiye hupiga magoti na kumpa mwalimu chai siku anapopokelewa. Akamuuliza Geng kwa Kichina.

"Ni kweli, siku ya kupokelewa yeye hunipa mimi," alisema Geng. "Siku akiniangusha, mimi humpa yeye. Mwalimu wangu alinifanyia hivyo, na wake alimfanyia hivyo. Wapo walimu wanaoficha pigo moja wasije wakazidiwa. Kila kizazi kikificha moja, vitukuu watarithi nini?"

"Mavazi," alisema Nestori, Sekela alipomtafsiria. Geng naye alipotafsiriwa, alicheka hadi akakaa.

"Na mimi nitajuaje kama nilichorithi ni cha kweli?" aliuliza Sekela.

"Simama."

Sekela alisimama kama Mzee Ambindwile alivyomfundisha: magoti yamekunjwa, kiuno kimeshuka. Geng alimsukuma begani, hakutikisika. Akamsukuma nyongani, hakutikisika. Alipoongeza nguvu na kubadili upande, ndipo Sekela akarudi hatua moja.

"Aliyekufundisha kusimama alikuwa na mwalimu," alisema Geng. "Hilo halighushiwi. Lakini baada ya kusimama umekwama. Na wewe unafundisha, naona. Nani kati ya wanafunzi wako amewahi kukuangusha?"

"Hakuna."

"Hawawezi, au huwaachi?"

Kijana yeyote alipokaribia kumzidi, Sekela alikuwa na desturi ya kupiga makofi na kubadilisha zoezi. Alidhani anailinda heshima ya Mzee Ambindwile.

Likizo zake zote zilizobaki alizimalizia kwenye ua ule. Aliporudi Mbeya hakuufunga ukumbi. Alifundisha kila alichokijua, na mtu alipomkaribia hakupiga makofi tena.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa kando ya kuta. Nestori, aliyekuwa ameajiriwa hapa hapa mjini, alikaa miongoni mwao. Sekela alishikana mikono na Atupele, binti mwembamba wa kidato cha tatu. Walisukumana kitambo. Kisha Atupele akazungusha kiuno, na mwalimu akaanguka chali kwa kishindo mbele ya watu wote.

Atupele alijiziba mdomo. Sekela alikuwa angali sakafuni, akitabasamu, wakati baba mmoja aliposimama.

"Jamani! Mtoto anambwaga mwalimu? Basi hapa mwalimu ni nani?"

Nestori alimgeukia.

"Shikamoo, mzee wangu. Ni huyo aliye chini. Mwalimu asiyeangushwa hajafundisha."