Mkanda wa Jubilei

Ndugu zangu, tukae vizuri. Somo la leo mmelisikia likisomwa, na najua wapo humu wanaoweza kulisema bila kitabu. Kwa hiyo kabla sijaligusa, nataka niwape habari ya mama mmoja. Mkimfananisha na jirani yenu, si yeye. Lakini mtu akijiona mwenyewe ndani ya habari hii, mimi sitamzuia.

Mama huyo aliitwa Nakijwa, mjane, mkazi wa milimani huko Usangi. Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu wote, hata mkewe, walimwita Mwalimu. Miaka ile kijiji kikiwa hakijui umeme, Mwalimu alishuka mjini akarudi na televisheni. Zile za kichogo, mnazikumbuka? Mbele kioo, nyuma mgongo, ukiiweka mezani hata kikombe cha chai hakipati pa kukaa. Iliwashwa kwa betri ya gari, na antena ikafungwa kwenye mwanzi mrefu nje ya dirisha.

Nani humu hajawahi kugeuza antena? Mmoja yuko nje ameshika mwanzi, mwingine yuko dirishani anapiga kelele: "Bado! Bado chenga! Rudisha kidogo... hapohapo! Usiguse!" Na yule aliyeshika mwanzi, maskini, ndiye pekee asiyeona kitu.

Jioni sebule ya Nakijwa ilijaa. Viatu vililundikana mlangoni hadi mtu akiondoka anaweza kwenda na kimoja chake na kimoja cha jirani. Wazee walikaa vitini, kina mama mkekani, watoto mbele kabisa, na kila baada ya dakika mbili mtu anawaambia wainamishe vichwa. Nakijwa alichemsha chai ya tangawizi kwenye lile sufuria la shughuli. Taarifa ya habari ikianza, Mwalimu alieleza maneno ya msomaji kwa sauti kubwa kuliko msomaji mwenyewe. Na betri ikifa katikati ya mchezo, mnadhani watu waliondoka? Hawakuondoka. Walibaki wakibishana mchezo ungeishaje, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Basi, miaka ikaenda. Umeme ukapanda mlimani, kila nyumba ikapata televisheni yake, na viatu vikapungua mlangoni. Watoto wa Nakijwa wakaolewa na kuoa, wakahamia mijini. Kisha Mwalimu akaugua siku nne tu, akafariki.

Mwanawe wa kwanza, anayekaa Arusha, alimletea mama yake televisheni mpya, bapa, pana kama mlango, pamoja na king'amuzi na rimoti mbili. Ile ya kichogo akaitupa stoo. "Mama, sasa hutakuwa mpweke," alisema. "Chaneli themanini!" Nakijwa akashukuru, maana mtoto alikuwa na nia njema. Lakini ndugu zangu, alikaa mbele ya chaneli themanini, na humo ndani hakuna hata mmoja aliyemjua. Walicheka yeye akiwa hajui wanachekea nini. Mara nyingi alipunguza sauti, akaacha picha zikienda zenyewe.

Siku moja, akimwagia mboga maji, alitaka kukumbuka namna Mwalimu alivyokuwa akimwita kutoka barazani. Akajaribu. Sura ilikuja. Kofia ilikuja, na kile kikohozi chake cha asubuhi. Sauti haikuja. Aliweka ndoo chini, akafumba macho, akajaribu tena. Sauti ya mtu aliyeishi naye miaka thelathini na tisa ilikuwa imemponyoka, na hakujua imemponyoka lini.

Mmeshawahi kupoteza sauti ya mtu? Picha unaweza kuifunga kwenye fremu ukaitundika ukutani. Sauti utaitundika wapi?

Ndipo alipoukumbuka mkanda. Walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa walifanya jubilei, na mpiga video kutoka Moshi alipanda mlimani kuwarekodi. Mkanda ulikuwa ndani ya sanduku, umefungwa kwa kitambaa. Lakini televisheni mpya haikuwa na pa kuuchomeka. Akafungua stoo, akaifuta vumbi ile ya kichogo na deki yake ya kuchezea mikanda, akamwomba jirani mwenye pikapu amshushie mjini, kwa fundi.

Fundi alifungua mgongo wa televisheni, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama yangu, nisikudanganye. Vifaa vya hii havitengenezwi tena. Nyumbani huna televisheni nyingine?"

"Ninayo, nzuri sana."

"Sasa hii ya nini?"

"Mume wangu yumo humu," alisema Nakijwa, akimwonyesha mkanda. "Nataka nimsikie akiongea. Hata neno moja."

Fundi akaupokea mkanda. Alichukua wiki mbili. Alitoa vipuri kwenye deki tatu zilizokufa akaifufua moja. Mkanda ulikuwa umeota ukungu, akausafisha taratibu kwa pamba. Siku alipompigia simu, Nakijwa alivaa gauni lake la kanisani, akashuka.

Fundi alimpa stuli, akawasha. Chenga zikajaa kiooni, kisha zikatulia, na kanisa lao likatokea, lile la zamani kabla halijapanuliwa. Kwaya inaingia. Mwalimu amevaa suti ya kijivu, anatembea kama mtu anayekagua gwaride. Nakijwa aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa kijana kiasi kile? Wote walikuwa vijana kiasi kile?

Lakini mpiga video alipenda muziki. Kila mahali alikuwa amepandisha wimbo juu ya maneno. Mwalimu anafungua mdomo, ngoma zinaongea. Mwalimu anasalimia wageni, tarumbeta inaitikia. Nakijwa alisogeza stuli karibu, kisha karibu zaidi, mpaka magoti yake yakagusa meza.

Fundi alikuwa amesimama nyuma, akitazama kama rangi zimekaa sawa. Akauliza tu, kama mtu anayeongeza mazungumzo:

"Mama, huyu mwenye kitenge cha njano ni nani?"

"Yupi?"

"Huyu. Kila unapokuwepo na yeye yupo. Hapa anakufuta jasho. Kule mlangoni ndiye aliyekuwa ameshika viatu vyako. Hajala huyu. Tangu sherehe imeanza sijamwona ameshika sahani yake mwenyewe."

Nakijwa hakuhitaji kutazama mara mbili. Alimjua. Alikuwa Eshi, mdogo wake, tumbo moja, baba mmoja. Na kwa miaka kumi na mmoja jina hilo lilikuwa marufuku nyumbani kwake.

Kisa chao kilikuwa hiki. Mwalimu alipofariki, msibani, mbele ya waombolezaji, Eshi alilia akasema: "Dada, ungemwahisha hospitali shemeji angekuwa hai." Maneno kumi hata hayakufika. Nakijwa akasimama, akamwonyesha mlango: "Toka kwangu. Na usirudi." Baadaye Eshi alituma mkungu wa ndizi, ukarudishwa. Akatuma wazee wa kanisa. Wakanywa chai, wakaondoka na jibu lilelile. Akapiga simu, Nakijwa akamwomba mjukuu aifungie ile namba isiingie tena. Na huyo Eshi hakuhamia ng'ambo, ndugu zangu. Aliishi mgongo wa pili wa mlima. Moshi wa jiko lake ulionekana.

Pale kwa fundi mkanda uliendelea. Sherehe ilikuwa inaelekea mwisho, watu wanakunja turubai. Wimbo ukakatika ghafla. Labda mpiga video alijisahau, sijui. Kwa mara ya kwanza ukasikika upepo, sahani zinagongana, mtoto analia mbali. Na sauti ya mwanamume, nzito kidogo, ya kuvuta maneno, ikasema:

"Shemeji Eshi, acha hivyo vyombo. Njoo ukae na dada yako."

Kisha chenga. Mkanda ukaisha.

Nakijwa alikuwa ameipata. Ilikuwa yenyewe, hata ile kuvuta maneno. Alikuwa ameshuka mlima kutafuta neno moja la mumewe, amepewa kumi, na yote yalimhusu mtu aliyemfukuza.

Fundi akauliza kama airudishe nyuma asikie tena. "Hapana, mwanangu," akasema. "Nimesikia." Hakungoja kufungiwa mzigo wake. Alitoka na lile gauni la kanisani, akapanda mlima, akapita njia ya nyumbani kwake bila kukata kona, akaenda moja kwa moja hadi mgongo wa pili.

Alimkuta Eshi amekaa kwenye kigoda nje, anamenya ndizi. Akasimama hatua chache mbele yake. Eshi aliinua uso, akaendelea kumenya. Nakijwa akahisi damu inampanda. Baada ya mwendo wote huu, hata salamu?

"Kumbe bado una kiburi," akasema. "Jumapili ya Mitende ulinipita mlangoni mwa kanisa kama unapita mti. Na leo pia?"

Kisu kikamponyoka Eshi.

"Dada? Ni wewe dada?"

Alinyoosha mkono, na mkono ukaenda pembeni, mahali ambapo Nakijwa hakuwepo.

Ndugu zangu, Eshi alikuwa haoni. Jicho moja lilikuwa limezimika kabisa, lingine lilikuwa limebakiza mwanga wa mchana tu. Kijiji kizima kilijua. Nakijwa peke yake hakujua, kwa sababu alikataza mtu yeyote asimtajie habari za Eshi, na watu wakamtii.

Alipiga magoti kwenye maganda ya ndizi, akaushika ule mkono.

"Tangu lini, mdogo wangu?"

"Mwaka wa nne huu. Presha ya macho. Daktari aliniambia ningekwenda mapema wangeyaokoa." Eshi akaubana mkono wa dada yake. "Mimi niliyekulaumu wewe kuchelewa hospitali, dada, nimechelewa mwenyewe. Neno lile, tangu linitoke, sijalala nalo vizuri. Nilimpenda shemeji. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, nikakuona wewe."

"Nisamehe, Eshi."

"Unaniomba mimi? Mimi ndiye nina miaka kumi na mmoja natafuta pa kukuomba msamaha."

Walilia, kisha wakamenya zile ndizi zilizobaki. Mzigo ulipofika kutoka kwa fundi, Nakijwa aliagiza upelekwe kwa Eshi. Akawasha, akakaa mkekani ubavuni mwa mdogo wake, akaanza kumsimulia: sasa kwaya inaingia, sasa wewe umevaa kile kitenge cha njano, sasa unanifuta jasho. Na Eshi akawa anauliza: "Na uso wangu, dada? Ulikuwaje?" Nakijwa akatazama kioo, akatazama uso uliokuwa ubavuni mwake, akajibu: "Ulikuwa mzuri, na ulikuwa unaniangalia mimi."

Sasa nije kwetu sisi.

Sisi tunapenda kusema zamani kulikuwa na upendo. Tukiona televisheni ya kichogo tunaguna, tunasema ah, siku zile! Ni kweli, siku zile zilikuwa nzuri. Lakini kwani ni nani aliyeziondoa? Ni umeme? Ni vioo hivi bapa? Waliokaa mkekani siku zile wengi wao bado wapo hai. Wanaishi mgongo wa pili wa mlima. Wengine wanaishi chumba cha pili. Tunawalilia waliokufa, na tunawanyima salamu waliobaki. Tunatafuta sauti ya marehemu kwenye mkanda wenye ukungu, na ndani ya simu zetu kuna sauti iliyo hai tumeifungia isiingie.

Na tunadhani wanatungoja jinsi walivyo. Hasira yetu tumeitunza vizuri, iko mpya kabisa, haijachakaa. Je, na wao tumewatunza? Tunajua macho yao yakoje leo? Magoti yao? Tunawaona wakitupita mlangoni mwa kanisa, tunasema ona kiburi kile. Kumbe mwenzio hakuoni.

Nakijwa aliwahi, lakini aliwahi nusu. Msamaha aliupata wote. Macho ya mdogo wake hayakurudi, na miaka minne ambayo angeweza kumshika mkono kumpeleka hospitali haikurudi. Msamaha wa leo na msamaha wa mwakani si kitu kimoja, ndugu zangu. Mungu anaupokea wote. Lakini yule mtu wako, je, mwakani atakuwa na macho ya kukuona ukija?

Nilikuwa nimeandaa mahubiri marefu leo, yenye vipengele vinne. Nayafunga hapahapa. Hatutatangaza matangazo, na mnada wa mavuno tutaufanya Jumapili ijayo. Humu ndani yupo mtu ambaye ana safari ya kwenda kwa miguu mchana huu, na mimi sitaki kumchelewesha.

Simameni tuombe, halafu nendeni.