Pimbi na Siri za Wateja wa Masikio Makubwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na simu mifukoni, wakati binadamu bado anamwita jirani yake kwa kupiga kelele. Msinicheke. Mimi nilisimuliwa hivyo, nanyi nawasimulia hivyo hivyo.

Kampuni ya simu ilikuwa ya Mzee Tembo, nayo iliitwa Masikio Makubwa. Kwenye meza ya mbele, pale wateja wanapopokelewa, alikaa mpwa wake, Pimbi. Ukiwatazama hao wawili huwezi kuamini kwamba ni ndugu, mmoja mlima na mwingine kokoto, lakini ndugu ni ndugu. Pimbi alikuwa na maneno mengi kuliko meno, na mjomba wake alimpenda kwa hayo hayo.

Sasa, mmoja wa wateja wao alikuwa Bi Paa, naye alikuwa ametoka kujifungua. Desturi ya kina paa mnaijua? Mama halali na mtoto. Humlaza majanini, akaenda zake mbali, ili harufu yake isije ikamwita adui. Jioni hurudi kumnyonyesha, kisha huondoka tena. Bi Paa aliyafanya yote hayo. Alijificha macho ya adui yasimwone, pua zisimnuse, ila simu alikwenda nayo, akarudi nayo. Na popote simu ilipotulia, minara ya kampuni ilijua.

Hilo hakuliwaza hata kidogo, mpaka siku ya mkutano.

Mkutano aliuitisha Mzee Tembo. Wateja walikuwa wakinung'unika, wanataka kujua kampuni inajua nini juu yao na inamwambia nani. Mzee wa watu akaona lazima kampuni iwe na sera ya faragha, yaani sheria ya kutunza mambo ya wateja. Lakini yeye mambo ya karatasi humpa usingizi, basi kazi ya kuitunga akampa mteja wake mkubwa, Bwana Chui. Haya, niambieni, hapo kuna akili?

Chui alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akakohoa, akasoma. Sheria yake ilikuwa fupi: yeyote akiuliza mteja fulani yuko wapi, kampuni imwambie. Akaeleza kwamba amefungua duka la magodoro, na muuza magodoro hana budi kujua watu wanalala wapi. Rafiki yake Fisi akapiga makofi, pa pa pa!

"Asiye na baya hana la kuficha," Chui akamalizia, akiwaangalia mmoja mmoja.

Bi Paa aliyapima maneno hayo. Sheria hiyo ikipita, Chui atauliza, ataambiwa, na mwanawe hataiona kesho. Akisimama kupinga, watamuuliza anaficha nini. Akajisogeza polepole hadi kwenye meza ya Pimbi, akamnong'oneza kwamba ana mtoto majanini, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Pimbi akamwambia arudi akakae. Akamwonya pia kwamba atamsikia akimsifu Chui, na akisikia hivyo asivunjike moyo, apige makofi kama wenzake. Kisha akaruka juu ya meza, tapu!

"Jamani, sheria hii ni tamu," akasema. "Ya nini kuingoja kesho? Tuianze sasa hivi, na kwa heshima tuanze na aliyeitunga. Shemeji Fisi, kila jioni Bwana Chui hupandisha nyama yake mtini, na simu yake hupanda naye. Ungependa kujua ni mti gani?"

Bi Paa alipiga makofi peke yake. Fisi akameza mate hata wa mstari wa nyuma wakasikia.

"Ndiyo," akasema. "Ni mti gani?"

Chui akamkumbusha kwamba wao ni marafiki. Fisi akajibu kwamba urafiki uko pale pale, yeye anauliza mti tu, na tena asiye na baya si hana la kuficha? Pimbi akainua kidole juu ya kitufe cha mashine ya mezani, ile inayoonyesha simu ya kila mteja iko wapi.

"Nibonyeze?"

"Acha!" Chui alinguruma mpaka vikombe vikalia kwenye visahani. Kisha akajifuta jasho, akasema kwa upole kwamba amefikiri upya, sheria iwahusu wateja wadogo tu. Pimbi akauliza nani atapima udogo, maana akisimama Mzee Tembo, wote mle ndani ni wadogo. Watu wakacheka, na Fisi bado anauliza mti.

Mkuki kwa nguruwe, wanangu, kwa binadamu mchungu. Siku hiyo ulimchoma Chui. Kwa kinywa chake mwenyewe akaitunga sheria nyingine: kampuni isimwambie mtu yeyote mteja yuko wapi, mpaka mteja mwenyewe aridhie. Pimbi akaomba kuongeza kajambo kamoja, kwamba lile ambalo kampuni hailihitaji isiliweke kabisa, na yote ya zamani yafutwe leo. Chui ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Mzee Tembo akapiga mguu chini, puu! Ikawa sheria.

Watu walipotawanyika, Bi Paa alimngoja Pimbi mlangoni.

"Kaka, na wewe ule mti unaujua?"

"Siujui, dada. Sijawahi kutazama. Kwamba chui huweka nyama mtini, nani asiyejua? Yeye aliogopa kidole changu tu."

"Na mwanangu? Ulikuwa unajua alipo?"

"Kwamba una mtoto nimejua leo, umeniambia wewe. Alipo sijui, na usiniambie."

Bi Paa akalia pale pale mlangoni, bila haya. Alishukuru kwa ajili ya mwanawe, na alishukuru zaidi kwa yule mdogo aliyekuwa na uwezo wa kuchungulia kila siku na asichungulie. Akasema asante, akaona haitoshi, akasema tena. Jioni hiyo alimnyonyesha mtoto wake hadi akashiba, na hakuna mtu aliyejua ni wapi.

Basi, wanangu, siri ya mwenzio ni yake, hata ikiwa mkononi mwako.